Hendeli ya Shangazi

Tarehe 6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Huku sijambo, mume wangu naye hajambo, ila mafua yalituzungukia nyumba nzima na sasa ndiyo yanaaga. Goti lako vipi? Usinijibu "linaendelea vizuri" kama kawaida yako. Niambie kama unaweza kuchuchumaa.

Baba, nina ombi. Tangu nianze kazi hii ya kuchora mabango nimechora vitu vya watu tu: viatu vya watu, nyanya za watu, vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi. Ukuta wa sebule yangu mwenyewe ni mweupe pe. Nataka nichore matrekta yetu yote, tangu lile la babu. Niandikie lipi lilikujaje, na rangi zake. Hasa lile la kati. Mimi nalikumbuka jekundu, mume wangu anasema alilikuta la kijani, na tumebishana mpaka wali ukaungua.

Msalimie mama.

Mwanao


Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kuchuchumaa nachuchumaa, kuinuka ndiyo kazi. Mama yako mzima na anakusalimu.

Trekta la kwanza babu yako alilinunua kuukuu, magurudumu ya chuma yenye meno, ndiyo maana likaitwa Babu Meno. Lilikuwa linalima shamba na kuchimbua barabara kwa safari moja, mpaka watu wa barabara wakalipiga marufuku kutoka nje ya uzio. Sasa kuku wanatagia chini ya kiti chake. Mchore na kuku.

La tatu ni Mkwe. Lilikuja jipya, linang'aa. Likataka dizeli safi, likataka kivuli, likaumwa kila msimu wa kulima na kupona siku ya mavuno. Tulimrudisha kwao.

La kati ndilo mnalobishania. Babu yako alilileta jekundu. Halikumkubali mtu. Mimi nilipozungusha hendeli ya kuliwashia, ilirudi kwa nguvu ikanipiga mkono, nikatembea na bandeji kama mtu aliyetoka vitani. Dada yangu, shangazi yako, akakunja mikono ya gauni, akazungusha mara moja, likanguruma. Tangu hapo yeye ndiye aliyeliendesha. Ninyi watoto mkisikia mngurumo mlikuwa mnakimbia mkisema Shangazi huyo anakuja, na jina likaligandia trekta lenyewe.

Rangi, sasa. Dada alisafiri kidogo, mimi nikabakiwa na rangi ya milango, nikaona trekta limechakaa. Nikadhani nafanya jambo la maana. Aliporudi alilizunguka lote, kisha akaniambia nimelivika trekta nguo ya mlango. Nikamjibu. Akanijibu. Asubuhi akahamia mjini na hendeli mkononi, nami nikasema jina la Shangazi lisitajwe tena kwenye banda langu.

Ndiyo maana mpaka leo tunalilaza juu kwenye mteremko. Asubuhi dereva anaondoa jiwe kwenye gurudumu, trekta linateremka, anaingiza gia, linawaka. Nimehamisha banda, nimehamisha na bustani ya mama yako ili njia iwe wazi. Fundi alitaka kunichongea hendeli nyingine, nikamkatalia. Hendeli ninayo, ila imesafiri.

Baba yako


Tarehe 24 Februari

Baba,

Shikamoo wewe na mama. Sisi tumepona kabisa, tunakula kama waliotoka kazi ngumu.

Jumapili nilimpitia shangazi. Hajambo, anashona magodoro na kugombana na wateja, yaani afya tele. Ile hendeli ameifanya komeo la mlango. Nilimwuliza kwa nini asinunue komeo la kawaida, akasema komeo analo. Nikacheka peke yangu. Kweli ninyi mlinyonya ziwa moja.

Aliniuliza kama trekta bado ni la kijani. Nikasema ndiyo. Akasonya. Halafu, akijifanya anatafuta uzi, akauliza kama bado linatoa moshi mweupe asubuhi.

Baba, mwandikie hata mistari miwili. Anatamani kurudi, ila anangoja kuitwa, na wewe unangoja arudi ndipo umwite. Mtazeeka hivyo hivyo, mmoja analala na komeo la chuma, mwingine analala mteremkoni.

Nimepata kazi ya kuchora ukuta mzima wa shule, kwa hiyo sitamwona tena mpaka niimalize.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Salamu za haraka. Mimi na mama yako wazima.

Habari si nzuri. Shangazi amekata roho. Ilikuwa juzi mchana, huku bondeni, katikati ya kazi. Alikohoa mara mbili, akatulia. Tulimkimbilia wote, na majirani wakaja, tukahangaika naye mpaka nguvu zikatuishia. Fundi alimsikiliza, akatikisa kichwa. Kumtoa pale hatuwezi, ardhi ni laini na yeye ni mzito. Tumemfunika turubai hapo hapo alipo.

Nimekaa karibu naye nikakumbuka mengi. Alitulisha sote. Wewe umesoma kwa jasho lake. Nami miaka yote hii nimekataa hata kumtaja jina. Leo namtaja. Mvua iko njiani, shamba la bondeni halijalimwa, na bila yeye sijui tutafanya nini.

Ukipata nafasi, njoo.

Baba yako


Tarehe 17 Machi

Baba,

Shikamoo, ingawa leo umenipa kila sababu ya kukunyima.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi. Nilishuka pamoja na kopo la rangi, na ukuta wa shule sasa una ziwa ambalo mwalimu mkuu hakuliagiza. Nilijua mara moja: kumbe mlipatana bila kuniambia, shangazi akaja kuwaona, akafia huko. Ulivyosema ni mzito sikushangaa, ila usimwambie. Turubai ndilo lililonitatiza kidogo. Nikadhani mmekosa shuka.

Tukaenda nyumbani kwake, mimi, mume wangu na mama mkwe, tuwape majirani taarifa na kufunga nyumba. Mama mkwe alianza kulia tangu kona. Mlango ukafunguliwa. Shangazi akatoka na sindano ya magodoro mdomoni, akauliza nani amekufa. Mama mkwe akakaa chini palepale. Mimi nikainama kumwinua. Ikabidi mume wangu aseme.

"Ni wewe, shangazi."

Akaninyang'anya barua, akaisoma amesimama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofika pale uliposema leo namtaja, kicheko kikakatika. Akarudi mwanzo wa barua, akasoma upya. Nikamwambia, kwa upole, kwamba nadhani baba anasema trekta. Sijui tu nilisahaulishwa na nini, mimi niliyelipa jina hilo mwenyewe. Labda ni kwa sababu sikuwa nimelisikia kinywani mwako tangu nikiwa mdogo.

"Namjua mdogo wangu," akasema. "Trekta hajawahi kulilia."

Kisha akang'oa komeo. Amepanda basi leo asubuhi. Barua hii ikikufikia atakuwa ameshafika, ila nakuomba tu: usimjibu neno mpaka awe amekaa.

Mwanao


Tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima wote, hata marehemu. Mpe pole mama mkwe wako, mwambie machozi yake nitayafidia kwa mahindi mabichi.

Onyo lako lilichelewa. Nilimjibu kabla hajakaa. Alishuka kwenye basi na hendeli begani, hakuingia ndani, hakuomba hata maji. Akauliza marehemu amelazwa wapi. Nikamwambia bondeni, nikaongeza kwamba amechukua muda mrefu kuja msibani. Akasema hakuna aliyemwalika. Tukateremka hivyo hivyo, kila mtu na lake.

Alivua turubai, akaitazama ile rangi. Nilikuwa nimejiandaa. Akasema tu kwamba jua limeisaidia. Nikamwambia hata mimi sijawahi kuipenda.

"Najua," akasema. "Leta koleo."

Akamfunulia dereva chujio la dizeli, limejaa matope. Akalisafisha, akapuliza bomba kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba. Akachomeka hendeli. Akazungusha, kimya. Akazungusha tena, kimya. Nikaona mikono yake si ile ya zamani. Nikasogea, tukashika wote wawili. Alinionya nisiweke kidole gumba vibaya kama siku ile. Tukazungusha.

Mwanangu, lilikohoa, likatutemea moshi mweupe usoni, likanguruma. Dada alikuwa mweusi tii kwa masizi, meno tu yanaonekana, na mimi nililia mbele ya dereva bila aibu. Mama yako alikuwa jikoni. Akaniambia baadaye kwamba aliposikia alijisemea, "Shangazi huyo anakuja," na mpaka sasa hajui alimaanisha yupi.

Tumemaliza bondeni kabla ya mvua. Ameendesha yeye, na amenigombeza kwamba mistari yetu ya mwaka jana ilipinda. Analala chumba chako cha zamani. Nilimwuliza anarudi mjini lini, akasema nyumba yake haina komeo, na yeye si mtu wa kulala nyumba ya namna hiyo.

Njoo na rangi nyekundu, makopo mawili makubwa. Ukuta wako utangoja. Yeye atasimamia, mimi nimekatazwa kushika brashi.

Jana jioni dereva alitoka shambani, na kwa mazoea akaliokota lile jiwe la gurudumu. Akauliza trekta alilaze upande gani wa mteremko. Nikamtazama dada, dada akanitazama mimi. Nikamwambia dereva alilaze popote.

Baba yako,
na Shangazi yako (yule anayekula)