Ng'ombe Niliyemrudisha

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekamua saa kumi na mbili na robo. Lita moja na nusu tu. Madoa ana mimba ya miezi mitano, maziwa yanapungua, ni haki yake. Nimechuja, nimechemsha, nimekunywa chai vikombe viwili. Saa moja kundi la Mzee Ntandu likapita kwenda malishoni. Nikafungua banda, Madoa akajiunga na wenzake bila kugeuka. Jioni atarudi mwenyewe. Ndivyo tunavyoishi, yeye na mimi, karibu miaka mitatu sasa.

Zimebaki siku kumi na mbili. Mkataba wa kujitolea unaisha, shule inafungwa, naondoka Singida, narudi kwetu Voi, Kenya. Nina miaka sitini na moja. Hakuna atakayenituma popote tena.

Nimeandika orodha ya makabidhiano. Funguo za maabara. Hadubini mbili, moja ina ufa kwenye kioo. Tangi la maji. Nyumba. Ng'ombe. Sipendi kuacha kitu nusu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nitakayokufa nitakuwa nimeshaosha vyombo vya matanga yangu mwenyewe.

Jumatano, 22 Novemba

Maabara nimemkabidhi Mwalimu Joyce. Ni mtoto wa hapa hapa, Mnyaturu, ndiye atakayefundisha Biolojia baada yangu. Anafundisha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake, ila sijamwambia. Nitamwambia kabla sijaondoka.

Alisaini kila mstari. Alipofika kwenye neno "ng'ombe" akasimamisha kalamu. Akauliza kama Mzee Ntandu amemwomba arudishwe. Nikasema hapana, siwezi kungoja nidaiwe cha watu. Akasema, "Mwalimu, ungeongea naye kwanza." Nikamwambia Jumamosi nampeleka, mambo yaishe. Nilimwona ana woga wa kitoto.

Jioni nimefungua daftari langu la kwanza. Nimecheka. Mwezi wa kwanza nililalamika juu ya kila kitu: upepo, vumbi, mlenda. Mwezi wa pili imeandikwa: "Mzee jirani amenileta ng'ombe." Nilikosea hata kuandika “ameniletea”. Alimleta mwenyewe kwa kamba, akamfunga bandani, akasema ng'ombe ni wake, maziwa ni yangu, ndama tutaongea. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ng'ombe.

Sikujua hata kukamua. Mama Elia, mkewe, alinifundisha wiki nzima, akinicheka mbele ya watu wote waliopita njiani. Nikawa nakwenda kwao kila siku. Madoa hataki kula. Madoa anakohoa. Ndama wa kwanza alipokufa nilikwenda nikilia, Mzee akaja kunifariji mimi, mwenye mali akimfariji mchungaji. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia watu mnadani, "Huyu ni wa kwangu." Hayo nayaandika leo kwa furaha. Naondoka hapa nikiwa mtu wa watu.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimemrudisha Madoa.

Nilimwogesha asubuhi. Nikamnunulia kamba mpya. Nikabeba mfuko wa mashudu ya alizeti na kilo mbili za sukari. Nilitembea naye kijiji kizima, najivunia alivyonenepa. Watu wamenitazama. Nilidhani wanamtazama ng'ombe.

Mzee alikuwa anakaza boriti ya zizi. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia marahaba, akamtazama Madoa, akatazama kamba. Akauliza, "Amekukosea nini?"

Nikacheka. Nilidhani utani. Nikamwambia hana kosa, mimi ndiye naondoka, nimeona nimkabidhi mapema akiwa mzima. Akasema, "Haya." Akamshika, akamwingiza zizini, akarudi kwenye boriti yake.

Mama Elia hakutoka jikoni. Nilisikia wakiongea Kinyaturu nilipokuwa natoka. Kwa kawaida hunisindikiza mpaka kwenye mfenesi wa jirani tukisengenya. Leo nimerudi peke yangu.

Nimefagia banda. Nimeweka alama ya tiki kwenye orodha.

Jumapili, 26 Novemba

Chai ya rangi. Nimeamka saa kumi na mbili kama mjinga, nimeshika ndoo, nimekumbuka.

Kanisani Mama Elia alinipa mkono, akauachia, akapita. Labda ana haraka.

Jumanne, 28 Novemba

Leo ndiyo waliniaga shuleni. Turubai, spika, pilau. Mkuu wa shule alinisifu mpaka nikatamani kumfahamu huyo anayesemwa. Nimepewa kitenge, asali madumu mawili, mafuta ya alizeti, na kuku watatu wazima. Kuku wa Singida! Nitawavushaje mpakani Taveta, sijui. Wanafunzi waliimba. Nililia, sikuona haya.

Mzee Ntandu hakuja. Yeye ni mjumbe wa bodi ya shule, jina lake lilikuwa kwenye ratiba, alitakiwa kufungua kwa sala. Kiti chake kilikuwa mstari wa mbele, kitupu, mpaka mwisho. Nilihutubia nikikitazama.

Baada ya shughuli nilimvuta Joyce pembeni. Nikamuuliza, mzee anaumwa? Akasema haumwi. Nikamwambia sema basi. Akasema hivi, na nayaandika kama alivyosema ili nisijipunguzie:

"Mwalimu, ng'ombe akiwekwa kwako, harudishwi. Mwenyewe ndiye humfuata. Ungemwacha bandani ukaondoka. Mzee angempa mwingine amtunze, na bado angeitwa ng'ombe aliyekuwa kwa Mwalimu. Ukimpeleka kwa miguu yako mchana kweupe, umesema mbele ya watu kwamba huna tena neno na nyumba ile."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alijaribu Jumatano. Ni kweli. Alijaribu.

Na ile kamba mpya. Ile sukari. Nilipamba tusi langu kama bibi harusi.

Jumatano, 29 Novemba

Nimekwenda kwao saa nne. Mzee alinipokea vizuri. Vizuri mno. Akaagiza kitolewe kiti cha plastiki, kile cheupe, kikafutwa vumbi. Mimi hukaa kwenye kigoda jikoni, miaka yote. Kisha akamtuma mjukuu dukani akaleta soda. Soda! Kwenye nyumba ile nimekunywa togwa kwenye kibuyu kimoja na wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini.

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatawanyika. Nikasema sikujua. Nikasema nilidhani ndiyo heshima. Akasema, "Hamna neno, Mwalimu. Umemtunza vizuri, amerudi na afya." Nikamwomba aniruhusu nimrudishe Madoa bandani, hata kwa siku tatu hizi, halafu amfuate mwenyewe. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema ng'ombe akishaingia zizini ameingia, si baiskeli ya kuazimana.

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Hasira niliikuta jikoni. Mama Elia alikuwa anapembua uwele, hakuinua macho. Nikachuchumaa. Akapembua weee, halafu akapasuka.

"Miaka mitatu! Mimi nilikuonyesha chuchu ya ng'ombe, hujui hata pa kushika. Unaondoka, sawa, kila mtu ana kwao. Lakini ungetuachia hata sababu ya kukupigia simu. Madoa akizaa, tukupigie. Ndama akiugua, tukupigie. Sasa nikupigie nikuambie nini? Kwamba kumekucha?"

Nilitaka kumsaidia kupembua, akasogeza ungo upande wa pili.

Soda niliimaliza yote. Ingekuwa aibu nyingine kuiacha.

Alhamisi, 30 Novemba

Sijalala vizuri. Najiambia mimi mgeni, sikujua mila. Uongo. Hata kwetu Taita wazee waliwekeana ng'ombe. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kwa watu wa milima mingine ambao sikuwahi kuwaona uso. Alipofariki walikuja, watu tusiowajua, wakakaa matanga siku zote, wakalia kuliko sisi. Bibi alisema hao ni wa ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua. Nikasoma, nikakaa mjini, nikafundisha mimea na chembehai miaka thelathini, nikasahau kitu nilichokijua nikiwa na miaka kumi.

Ningekuwa Mzungu ningesamehewa haraka. Mimi walinitazamia nijue.

Halafu kuna hili, nalo ni baya zaidi. Nikijichunguza, sijawahi kumwomba mtu yeyote hapa chochote. Mama Elia akinipa mboga, kesho yake nilirudisha sahani na mayai. Joyce akinibebea maji, nilimpa soksi. Kila kitu nilikilipia kabla hakijapoa. Niliyaita hayo adabu. Ilikuwa kiburi. Wenyewe walikuwa wanashona, mimi nyuma yao nafumua.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu amefika mapema, amenikuta hata sijafunga mizigo.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimefunga mizigo. Mvua kidogo alasiri.

Nimemwambia Joyce kwamba anafundisha vizuri kuliko mimi. Akalia. Kuku nimemwachia yeye. Alitaka kunipa kitu badala yake, nikakataa, kisha nikajishika mdomo. Nikasema nipe. Akanipa kanga yake ya kichwani, imechakaa, ina harufu ya moshi. Nimeipokea.

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika kwenye basi, tumepita Katesh.

Bodaboda mbili zilikuja saa kumi na moja, moja yangu, moja ya mizigo. Kulikuwa bado giza. Nilidhani hakuna atakayekuja. Nikaona tochi. Mzee Ntandu na Mama Elia.

Nilifurahi sekunde tano. Kisha nikaona Mzee amevaa koti. Lile jeusi, la siku anapokuja mkuu wa wilaya. Akavua kofia, akaniombea sala ya safari, fupi, maneno yote mahali pake. Akasema, "Tunakushukuru kwa kazi uliyotufanyia. Utusalimie nyumbani." Akanipa mkono. Maneno hayo nimeyasikia akimwambia mkaguzi wa shule.

Mama Elia alinikumbatia. Alinibana sana, kisha akaniachia ghafla, akatangulia kuondoka. Mzee akamfuata na tochi. Nilisimama mpaka dereva akapiga honi.

Ingekuwa afadhali wasingekuja. Hapana. Hiyo nayo ni kiburi. Walikuja kwa miguu yao kwenye baridi kumuaga mtu aliyewakana. Wamenizidi.

Nimeogopa kuwaambia kwamba nawapenda. Ningesema kwa lugha gani, baada ya ile kamba mpya?

Jumapili, 17 Desemba

Voi. Joto. Nimerudi kutoka ibada ya kwanza, nimefua, nimekaa barazani.

Wiki mbili sijaandika. Hakukuwa na la kuandika. Watoto wangu wamekuja, wamekula asali, wameuliza Singida kukoje, hawakungoja jibu. Naamka saa kumi na mbili. Nanunua maziwa ya pakiti, nayatia kwenye chai, namwaga nusu.

Nimejaribu kupiga simu kwa Mzee mara tatu wiki hizi, nikakata kabla haijaita. Maneno ya Mama Elia yananirudia. Nikupigie nikuambie nini.

Leo saa tisa nimepiga. Akapokea Mzee mwenyewe. Shikamoo, marahaba. Nyumbani wazima? Wazima. Mvua? Imeanza, wamepanda. Nikauliza Madoa hajambo, akasema hajambo, anakula. Akanishukuru kwa kupiga. Nikasikia anavuta pumzi ya kuaga.

Nikasema, Mzee, nina shida.

Akangoja.

Nikamwambia nina kipande cha shamba hapa, nyanda za chini, pakavu, mahindi yananiangusha kila mwaka. Naomba mbegu ya mtama wenu. Ile nyekundu, ya kwenye kihenge cha nafaka cha Mama Elia. Niliongea haraka kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga.

"Mbegu huko kwenu hazipo?"

Nikasema zipo.

Akanyamaza muda mrefu hivi kwamba nikatazama kama simu imekatika. Kisha akasema ile ya mwaka huu imeshapandwa yote. Labda mavuno yajayo. Na itabidi kwanza amtafute mtu wa kuja nayo upande huo, na watu wa upande huo ni adimu.

Nikasema nitangoja.

Akasema, "Haya, ngoja." Simu ikakatika.

Kipande chenyewe ni kidogo, hakijaguswa miaka mitano. Kesho nitaanza kukifyeka. Zamani ningemuuliza tarehe, jina la huyo mtu, na mbegu ni kilo ngapi, nikaandika yote hapa. Sikumuuliza lini.