Ng'ombe wa Mama

Tirmenle, mwanzo wa vuli

Kwako Kaka Fanis,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe, wifi na binti yenu Aigiza hamjambo huko Kazan. Sisi tunakwenda hivyo hivyo. Mama miguu inamsumbua, ila ulimi bado una makali yake, si unamjua.

Umeniambia Aigiza aje kwetu likizo. Kaka, nakuomba usimlete. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Mwaka huu barafu iliyeyuka kwa fujo. Mto ukapita uzio wenye alama za hatari, ukafunika malisho yote. Maji yaliporudi yaliacha tope jeusi, na juu yake majani yakaota mazuri ajabu. Wakaja watu wa serikali na kipimo chao cha mionzi. Walipima lami ya mbele ya shule, wakatutangazia kwamba ile ajali ya kiwanda cha huko juu ni ya zamani mno, hakuna la kuogopa. Mama akawakaribisha maziwa ya mgando, wakasema wameshiba. Walipoondoka akacheka: "Wametoka mjini alfajiri, wameshiba nini, upepo?" Lakini nyasi kavu zilikuwa zimekwisha, na kesho yake akamfungulia ng'ombe wake Alacha aende mtoni.

Tuligombana. "Maziwa ya hapa nimeyanywa tangu sijaota meno," akasema, "na bado nakushinda nguvu." Nikamjibu kwamba marehemu Baba naye aliyanywa. Akanitazama, akachukua ndoo, akatoka.

Nikapeleka chupa ya maziwa maabara mjini, nisitaje jina wala kijiji. Binti aliyenipa majibu alifunga mlango kwanza, akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto. Nikasema hakuna, ila mwaka huu huenda akaja mmoja. "Basi asije," akasema.

Sasa nikuambie nililolificha. Kumuuza Alacha nisingeweza. Maziwa yake yangenywewa na watoto wa watu. Mama alipokwenda hitimani kijiji cha pili, nilimwita jirani yetu Rinat, akachimba shimo nyuma ya zizi la zamani, akamchinja. Hatukula hata kipande. Tulimfukia kwa chokaa. Alinifuata bila kamba, Kaka, akidhani nampeleka kunywa maji. Mama aliporudi nikamwambia ameibwa.

Hakuamini. "Mwizi gani wa kuiba ng'ombe Tirmenle?" Anaamini amenasa topeni mahali. Basi kila asubuhi anavuka uzio, anamwita kando ya mto, anarudi amelowa hadi magotini, sketi imejaa tope lile lile nililotaka kumwepusha nalo. Juzi alisimama mlangoni akaniuliza kama nami nasikia mlio. Nikasema sisikii. Mdomo wangu haufunguki kumwambia, kwa sababu amekonda, na kwa sababu namwogopa.

Njoo, Kaka, peke yako. Mwambie wewe, wewe ni kifungua mimba wake, atakutukana lakini atakusikia. Na ukiweza uondoke naye.

Nisalimie wifi sana. Aigiza nilimfumia soksi, ila sufu ni ya kondoo wa hapa, kwa hiyo sikuzituma.

Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako.

Mdogo wako,
Gulfiya