Kimrija cha Nyuma ya Paja

Jumatatu, 3 Machi
Kesho wanamkata baba watoto mguu, chini ya goti. Kidonda cha sukari kimeshinda dawa zote. Leo daktari wa usingizi kamwingizia kimrija chembamba nyuma ya paja, dawa ya ganzi inapita humo polepole. Akatueleza: mguu ukiondoka huku unauma, mwili huweza kuyakariri yale maumivu, ukaendelea kuyasikia mahali pasipo na kitu. Ndiyo maana wanailaza mishipa ya fahamu mapema, na kimrija kitabaki humo siku kadhaa baada ya upasuaji. Kisiguswe. Baba watoto akauliza kama ipo dawa ya kulaza na mdomo wa mke. Wodi nzima ikacheka. Hata mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mguu umekwenda. Niliogopa kuangalia, nikaangalia. Lakini haumwi! Kanywa chai, kataniana na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nesi — kabinti kapole, kembamba — anakuja kila mara kukagua kimrija. Amesema tukitaka kumgeuza tumwite, tumgeuze wawili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya jambo.

Mama mkwe alikuwa njiani. Shuka lina doa la chai, na yule mama namjua, macho yake huanzia kwenye shuka. Nesi aliniomba nisubiri, yuko na mgonjwa mwingine. Nisubiri, mimi? Mikono hii haijawahi kusubiri. Nikamgeuza mwenyewe, nikavuta shuka, nikaona kitu kinalifuata. Kimrija! Kimetoka, dawa inalowesha godoro. Baba watoto amefumba macho. Nikakichomeka chini ya plasta, nikabandika vizuri, nikaweka kitambaa, nikatandika juu yake. Sikumfikiria yeye hata kidogo. Niliona aibu tu.

Mama mkwe akafika, akalipapasa shuka, akasema mwanawe kweli kapata mke. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Maumivu yameanza. Anasema vidole vya mguu vimekunjwa, mtu anavivunja kimoja kimoja. Vidole gani? Anajua kabisa havipo! Anapatazama pale patupu, jasho linamtoka. Mtu wa mizaha yule, leo anang'ata pindo la shuka asipige kelele. Nesi anaongeza dawa, anashangaa mbona haifanyi kazi.

Nilitaka kusema. Nikaishia kumuuliza kama anataka maji. Mimi ni mwoga, na uoga wangu anaulipia yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango wa wodi. Wametutoa wote.

Daktari wa usingizi alikuja, akafunua plasta, akauona uongo wangu. Akamgeukia nesi: nani kakigusa? Nesi hajui. Machozi yakamlengalenga. Nikasimama. Nikalinyoosha shuka.

Baba watoto akasema, "Mimi, daktari. Jana usingizini, nimekivuta."

Kisha akanitazama. Si kwa hasira, heri ingekuwa hasira. Kumbe hakuwa amelala siku ile! Alijua. Ameumia kutwa kucha ananingoja niseme, na nilipotakiwa kusema akanisitiri. Mume namna hii nimemfanyia nini mimi!

Uongo wake haukumwokoa nesi. Daktari kamkaripia kwamba hakukagua, wakati aliyekiharibu ni mimi. Sasa wanamwekea baba watoto kimrija kipya. Hawaahidi kitu. Kupitia mlango namsikia anavyoguna.

Nesi ametoka. Macho mekundu. Amekaa ubavuni mwangu, ananisemesha kwa adabu zote:

"Mama, daktari anataka kujua kilitoka lini hasa, ndipo apange dawa. Mzee anasema jana. Mimi naona ni kabla ya jana. Wewe ulikuwapo muda wote. Hukuona chochote?"

Anasubiri jibu. Na mimi nimeinamia karatasi, naandika ili nisimtazame.