Mkomamanga wa Nyuma ya Nyumba

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila salamu utaninunia hata huko uliko.

Nimekaa uani kwenye kigoda chako, ufagio pembeni, na leo nimepumua. Nikueleze.

Ulituacha masika yakianza, na tangu hapo hakuna aliyegusa miti yako. Mama alikuwa ndani ya eda, mimi naenda kazini Mikumi na kurudi. Makomamanga yakaoza chini, inzi wakajaa, majani yakaziba mfereji. Wewe uliyekuwa mkali kwa jani moja ungetufukuza sote.

Kipupwe kilipoingia, mkomamanga ukapukutika wote, ukabaki vijiti na miiba. Shangazi akaja kutoka Munisagara, akautazama, akasema mti umemfuata mwenyewe, na mti mkavu kwenye nyumba ya msiba haupendezi, ukatwe. Unamjua dada yako, hasemi mara moja. Nikachukua msumeno.

Baba, nilikata. Matawi mawili, yale yaliyoelekea dirisha la mama. Nilikuwa katikati ya la tatu mama aliposema kutoka dirishani, "Baba yako alikuwa anakwaruza kwanza."

Hata sauti hakupaza. Nikakumbuka ulivyokuwa ukikwaruza tawi kwa ukucha wa dole gumba, unanionyesha: "Kijani hicho. Huu haujafa, umelala." Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, wala sikutazama. Basi nikakwaruza. Kijani kibichi kabisa.

Nilikaa chini nikalia, kile kilio kilichokataa kutoka siku ya mazishi. Miezi yote ile mama alikuwa na mti ule tu wa kutazama, na mimi ndiye niliyeukata. Wiki nzima niliona aibu kumtazama usoni. Nikapaka majivu kwenye vidonda vya mti, nikawa naumwagilia alfajiri, giza bado, kabla ya kazi, nikangoja.

Jana mama amemaliza eda. Watu wamekuja, dua imesomwa, wamekula. Walipoanza kuaga, mama akaenda nyuma ya nyumba peke yake, kisha nikasikia ananiita. Nilikwenda. Vichipukizi vyekundu, Baba, hadi pale pale nilipopitisha msumeno. Mama alikuwa anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka tangu uondoke. Shangazi naye anasema yeye hakuwahi kusema ukatwe.

Leo nimefagia ua wote, nimefukia yaliyooza, nimezibua mfereji. Nakuahidi kila kipupwe nitafanya hivi, na hakuna tawi nitakalokata kabla ya kulikwaruza. Pumzika, Baba. Miti yako iko na mtu.

Barua hii nimemsomea mama kabla ya kuikunja. Nilipofika kwenye shikamoo, akaniitikia marahaba kwa niaba yako.

Mwanao