Feni Niliyoiwahisha

Magongo, Changamwe
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina, na nawaombea nyote hapo Witu afya, baba kabla yetu sote. Je, anakula? Mgongo bado wamzuia kuketi? Nijibu kweli, usinifiche kama unavyomficha yeye. Barua hii isome peke yako kwanza, maana humu mna maneno sina ubavu wa kuyasema mbele yake.

Najua Jumamosi mliningoja kutwa. Niliwaandikia kwamba Mzee Salim, mwenye nyumba ninamopanga, amekubali kunipa gari lake nije nimchukue baba, alale kiti cha nyuma mpaka hospitali ya Mombasa, kwa kuwa basi haliwezi. Gari lile ni la Kifaransa, nalihudumia mwenyewe hapa gereji. Feni yake si kama za magari mengine, ambazo huzunguka tangu injini iwashwe. Hii hushikwa na sumaku. Hukaa kimya mpaka maji ya rejeta yapate moto hasa, ndipo swichi huiamrisha izunguke.

Balaa lilianzia hapo. Kila anayechungulia huona injini yanguruma na feni imesimama. Mzee Salim akanijia: "Fundi Athmani, feni haizunguki, nawe watwambia gari zima? Wataka ukwame na babako mchangani Garsen?" Nikamweleza, akatikisa kichwa. Na mimi, wallahi dada, nikaingiwa na hofu. Niliuwaza mchanga ule, jua lile, na baba kalala nyuma.

Basi nikaifungua swichi. Ndani mna kibamba chembamba kinachojipinda kikipata joto, mpaka kiguse mwenzake. Nikakipinda kidogo ili kiguse mapema. Nikaiunga swichi na taa, nikaitumbukiza katika sufuria ya maji jikoni, na taa ikawaka maji hayajaanza hata kutoa mvuke. Nilifurahi kama mtoto wa chuo aliyehitimu Kurani. Sikungoja maji yapoe. Nilipima kuwaka, sikupima kuzima.

Ijumaa nililizungusha gari Magongo asubuhi nzima, feni haikusimama hata mara moja, nami nikajiona fundi. Baada ya sala ya Ijumaa watu wa mtaa wakakusanyika kutusomea dua ya safari. Mzee Salim akataka injini iwashwe, gari liipokee dua likiwa tayari kuondoka. Unazijua dua zetu: akimaliza huyu, yule ana lake la kuongeza, na zote zilimtaja baba kwa jina. Nimeinua mikono kati ya wazee wawili, jua la utosini, nikasikia harufu ya waya unaoungua. Sumaku ile haikufanywa ishike bila kupumzika, na kibamba nilichokipinda hakikuiachia tangu asubuhi. Kisha sauti ya feni ikafifia.

Ningefanya nini, dada? Nishushe mikono, niwapite wazee, nikazime gari wakati wanamwombea baba yangu? Nikasema moyoni, litavumilia. Nikaitikia amina, na amina nyingine, huku nautazama mvuke ukitoka. Walipomaliza, jirani mmoja akakimbia na ndoo ya maji baridi ya birika la kutawadhia la msikiti, akaimwagia injini kwa nia njema. Nilipiga kelele, lakini nilikuwa nimechelewa. Kifuniko cha juu cha injini kikapasuka.

Kingine chaja kwa meli kutoka Ulaya, lini hakuna ajuaye, na mvua zikianza njia yenu hufungwa. Nimemuuliza kila mwenye gari ninayemjua. Hakuna anayekubali safari ile. Hapa watu wazungumza uhuru kutwa, mimi nimekaa chumbani naitazama mikono yangu.

Mzee Salim hakunilaumu. Alisema, "Ni kadari, mwanangu. Gari la Wafaransa halilijui jua letu." Bora angenitukana. Lile gari lilikuwa lalijua jua mpaka nilipoigusa swichi yake, na wewe ndiye wa kwanza ninayekwambia.

Nisalimie shangazi anayemkanda baba mgongo, na shemeji mumeo. Mwalimu wa chuo mwambie aniombee, ila kwa ufupi.

Katika barua ile ya kwanza niliwaambia mumtoe baba chumbani mumlaze barazani, alisikie gari likija. Namjua, hatakubali kurudi ndani. Mwambie kazi imenizuia, mwambie lolote uwezalo. Lakini ukisikia gari lolote njiani, dada, acha ulifanyalo ukae naye, umshike mkono mpaka lipite.

Ni mimi mdogo wako, niliyeharibu kwa kutengeneza,
Athmani