Miaka Tisa Bila Kukaa Eda

Baba Zainabu,

Umenichosha. Nasema hivyo kabla ya salamu, kwa sababu unajua mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Miaka tisa sasa, tangu vita vya sabini na tisa, mimi si mke wala si mjane.

Ulikuwa hivyo tangu siku ya harusi. Tunatoka Arua kwenda kwenu Ludara, umevaa kanzu nyeupe, ukaona watu usiowajua wanasukuma pikapu iliyozama kwenye tope. Ukateremka. Nikakupigia kelele, "Wewe ni bwana harusi!" Ukacheka, "Basi bwana harusi iko na mabega." Ulifika kwa shehe una tope mpaka kwenye ndevu, na mama yako akaniangalia mimi kana kwamba ndimi niliyekupaka.

Basi sikushangaa niliposikia habari zako. Jeshi lenu lilikuwa linarudi nyuma kuelekea Arua, nawe ukabaki barabarani na bunduki ya rashasha ili lori la wake wa askari na watoto lipate kuondoka. Saidi, askari mwenzako, alikuwa amevunjwa mguu na risasi. Ukamfuata pale alipoanguka, ukambeba mgongoni, ukamtupa ndani ya lori, ukarudi kwenye bunduki yako. Watoto wote wa lori lile walifika Koboko. Nakutana nao sokoni, wengine wamenipita kwa urefu. Watu wananiambia, "Bwana yako ni mwanaume." Najua ni mwanaume, nimemzalia watoto wanne! Nilichotaka kujua ni kwa nini alichagua kubaki.

Na huyo Saidi wako! Tangu turudi kutoka ukimbizini Zaire, kila Ijumaa baada ya sala anakuja na fimbo yake kula kwangu. Shehe aliniambia nilete mtu aliyekuona ukifa, ndipo niitwe mjane. Wote mle ndani ya lori walikuwa wamelala kifudifudi. Aliyeangalia nyuma ni Saidi peke yake. Kila Ijumaa namwuliza, kila Ijumaa jibu ni lile lile: "Mama Zainabu, mi naona yeye iko simama na bunduki. Kufa mi hapana ona." Halafu anaomba mchuzi. Mama yako naye akanikataza kulia, eti nitakuitia kifo.

Ijumaa iliyopita niliondoa sahani mbele yake. Nikamwambia aseme au asirudi tena. Akaanza kulia, mtu mzima yule.

"Yeye nakuja," akasema. "Natupa bunduki, nakimbia kwa lori. Risasi iko mingi, watoto nalia. Mi nagonga lori, mi naambia dereva, enda! Halafu yeye naanguka. Risasi ya kichwa. Hapana amka tena."

Ulikuwa unakuja. Miaka yote hii nagombana nawe moyoni kwamba ulituacha kwa ajili ya mla mchuzi huyu, kumbe ulikuwa mbioni kuja kwetu. Nilitaka kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Nikawakumbuka wale watoto, nikashindwa. Nikamrudishia sahani, nikatoka uani nikalia kwa sauti. Mama yako akaja akakaa kando yangu, safari hii bila kunikataza.

Jana Saidi alirudia maneno yake mbele ya shehe. Nilikuwa nimeshaosha nguo zangu za eda. Shehe akafungua kitabu, akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Yangu iliisha zamani, nikiwa kambini Zaire natwanga majani ya muhogo na kukungojea. Eti niko huru, niende nyumbani kwa amani. Amani gani?

Nimejifungia tangu asubuhi. Miezi minne na siku kumi za eda yangu, sitoki, sijipambi, na anayetaka kunitoa humu ndani aje anijaribu. Bado nimekukasirikia. Ungeanza kukimbia mapema kidogo, mpenzi. Hatua kumi tu.

Pumzika, nami niachwe nikulilie.

Mjane wako,
Mama Zainabu