Jibu la Asiyejibu

Tarehe 9 Machi. Mwaka wa tatu unaelekea kukatika tangu niondoke nyumbani.

Kwako dada,

Shikamoo, na uipokee salamu hii ukiwa umekaa, maana barua yenyewe haisomeki kwa kusimama. Goti lako linaendeleaje? Binti yangu hajambo? Mimi ni mzima, ila mgongo ni ule ule, na nina hasira zilizonikosesha hata usingizi wa siku ya mapumziko.

Barua zako zote nimezipata. Ile ya mwisho nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Ulisema posa ya binti yangu imekuja tena, kijana ni seremala mwenye adabu, wazee wanataka neno langu, na wasipolisikia watajua nimeridhia. Nitafika huko. Kwanza nikueleze yaliyonipata kazini, maana ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Tangu mgongo uharibike walinitoa kwenye kubeba, wakanikalisha kwenye kompyuta inayochapa lebo. Ghala letu ni la vifaa vya mabomba, na katoni lisilo na lebo halitoki mlangoni. Kompyuta inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, na ndani yake mna programu moja iliyo kama mtunza stoo: ndiyo inayoleta programu nyingine, ndiyo inayozifuta. Kila Jumatatu naiagiza ilete masasisho. Ikimaliza huuliza: hizi naona hazina kazi, nizifute? Swali liko kwa Kiingereza, mimi nalijua kwa sura tu, kama mtu anavyomjua jirani asiyesalimiana naye. Fundi wa kompyuta alinifundisha nisijibu kitu, nibonyeze Enter nipite. Ukinyamaza ilikuwa inaelewa umekataa, haigusi kitu. Muda wote nimenyamaza, na tumeishi kwa amani.

Wiki iliyopita fundi alikuja kumpandisha cheo huyo mtunza stoo. Akaweka toleo jipya, akanywa chai, akaondoka. Jumatatu swali likaja lile lile, nikabonyeza Enter, nikaenda kunawa uso. Kurudi, mashine ya lebo imenuna, haichapi hata nukta.

Dada, siku ile nilikiona cha moto. Makatoni yalijaa hadi mlangoni. Wapakiaji wakaanza kuandika lebo kwa mkono, kila mmoja na mwandiko wake wa kuku, na koki za hospitali zikaenda kwa muuza rangi. Wakaniita Profesa, wakaniuliza digrii ya kuzima nimeisomea wapi. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Haraka, alinisimamia kichwani akitaka kujua ni programu gani niliyoila na chai. Nikaapa sikugusa kitu. Na kweli sikugusa, ndilo lililonichoma.

Fundi aliporudi alikuna kidevu akasema mashine haina kosa. Programu ya lebo yeye aliiweka kwa mkono bila kumpitia mtunza stoo, kwa hiyo huyo hajui kuwa vile vipande vinavyoisaidia vina kazi. Ndiyo maana kila wiki alikuwa anaomba kuvifuta. Ila katika toleo jipya waliomtengeneza wamegeuza utaratibu: asiyejibu sasa huhesabiwa amekubali. Nilifoka. Nikamwuliza ni nani aliyeulizwa kabla ya kugeuza. Akasema walitangaza mapema, wakangoja maoni, watu hawakusema kitu, basi wakachukulia wameridhika. Nikamwambia mimi tangazo hilo ningelionea wapi, chini ya katoni? Akacheka, akarudisha vipande vyake, mashine ikaanza kutema lebo. Wenzangu wakashangilia. Mimi nilibaki nimekaa, maana maneno yale nilikuwa nimeshayasoma: kwenye barua yako.

Sasa nikuambie kweli. Sikunyamaza kwa shughuli, wala barua hazikupotea. Nilinyamaza nikijua nimekataa. Nilidhani kimya changu kitaeleweka hivyo, nami sitalazimika kukutamkia hapana wewe uliyemlea binti yangu tangu mama yake alipofariki, hadi leo ni msichana mzima. Na sababu si huyo kijana. Ni woga. Kila katoni nililobeba nilijiambia narudi kwa mtoto. Akiolewa kabla sijafika, nitarudi kwa nani? Hilo si kosa lake wala lenu, na si haki alilipie.

Kwa hiyo naandika: msipokee mahari kwa sababu ya kimya changu. Sijakubali, na kukataa pia nimeacha. Mwulize binti mwenyewe. Si mbele ya wageni, mwulize mkiwa wawili jikoni, kisha ungoje atamke. Akisema anamtaka, nami namtaka. Akinyamaza, dada yangu, nakuomba, msiseme amekubali. Ningojeni.

Ombi langu la likizo lilikuwa limelala mezani kwa Bwana Haraka bila jibu. Jana nilikwenda nikasimama pale. Akajifanya hanioni, akapokea simu, akapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Sikutoka mpaka ameitamka ndiyo kwa mdomo wake. Alisema niende, ila nipite mbali na kompyuta.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na hata wasioniulizia. Binti yangu mwambie baba yake hatimaye amefumbua kinywa.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba.

Natarajia kufika mwishoni mwa mwezi ujao, kwa basi la asubuhi. Nikichelewa, msihesabu kuwa sirudi.